Sufi Iliyochemshwa

Wakati wa gonjwa la juzi, lile la barakoa, mjukuu wangu alikuwa akikaa na redio hapa barazani kwangu Magomeni, Kilosa mjini, akisikiliza wataalamu wakilalama. Biashara ya dunia imesimama, walisema. Meli zimezuiwa, viwanda vimefungwa, watalii hawaji, na jambo la namna hii halijapata kutokea. Mjukuu akatikisa kichwa na kuwaunga mkono. "Bibi, halijapata kutokea!"

"Halijapata kutokea kwa nani?" nikamwuliza. "Mimi lilinitokea ningali msichana, na wala sikuitwa redioni."

Akacheka, akadhani namtania. Hapo ndipo nilipokasirika, maana kisa chenyewe kinahusu mtu mmoja aliyeshindwa kujua nani anatania na nani hatanii, na hasara aliyotutia mtu huyo naikumbuka mpaka leo. Nikamzimia redio yake nikamsimulia. Na kwa kuwa wataalamu hawatakuja kuniuliza, naandika.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Zombo, ukishika njia ya kwenda Mikumi. Tulikuwa tumekusanywa tu, huyu katolewa mlimani, yule katolewa mtoni, nyumba zikapangwa kwa kamba, tukaambiwa kuanzia leo ni ndugu. Sawa. Udugu hatukuukataa. Tulichokosa ni mashine ya kusaga. Ya karibu ilikuwa Kilosa mjini, na mwanamke akienda huko na debe la mahindi kichwani siku nzima imekwisha, shamba linamngoja na watoto wanamlilia. Kwa hiyo wanawake walitwanga. Asubuhi ukiamka unasikia michi kijiji kizima, na jioni ukirudi shambani unaisikia tena.

Mama yangu alikuwa na bega bovu. Lilimtoka zamani, akibeba mkonge katika shamba la setla wa Kizungu, likarudishwa ovyo. Akitwanga, aliuma pindo la khanga ili asipige kelele. Wanaume wetu wakawa wanasema ugali wa mashine hauna ladha. Nyoo! Ladha waliijulia wapi, na mchi hawajaushika? Mtu ameketi chini ya upenu wa nyumba anachonga mpini wa jembe tangu masika mpaka kiangazi, anakupa hotuba juu ya utamu wa unga.

Mama hakubishana nao. Alikusanya wanawake wenzake akawaambia watazame juu. Kando ya shamba la zamani la mkonge kulikuwa na misufi mirefu iliyopandwa na Wazungu, na kila kiangazi vifuko vyake vilipasuka, sufi ikapeperuka bure mpaka kwenye vinywa vya mbuzi. Shirika la kununua mazao lililokuwa na ghala Mikumi, kwenye barabara kuu, lilikuwa limetangaza kwamba litainunua. Huko nje, tuliambiwa, wanajazia magodoro, na wanashonea makoti ya kumfanya mtu aelee meli ikizama. Na pale Kilosa palikuwa na Mhindi aliyekuwa akifunga biashara yake, ana mashine ya kusaga nzima, akamwahidi mama kumwekea mpaka msimu wa sufi uishe. Baada ya hapo angemwuzia atakayetangulia.

Basi tulifanya kazi. Sufi haitaki upepo, inachambuliwa ndani, mlango umefungwa, na joto la pale halisemeki. Tulijifunga khanga puani na mdomoni, tukapigapiga vile vifuko kwa vijiti, tukatoa mbegu, tukashindilia magunia. Tukitoka nje tumekuwa weupe nywele na kope, watoto wanatukimbia. Kila gunia lililojaa mama alilipapasa akasema, "Hiki ni kinu cha mashine." Linalofuata, "Huu ni mkanda wake." Alikuwa akiijenga ile mashine kichwani mwake, kipande kwa kipande, na sisi tukawa tunaijenga pamoja naye.

Magunia yakiwa yamefika dari, kipindupindu kikaingia.

Lile gonjwa lilikuwa limekwisha zunguka dunia kabla ya kutufikia. Lilipanda meli, likapanda lori, likavuka mipaka ya watu, na hakuna aliyeliomba kibali. Tulioombwa kibali ni sisi. Kukawekwa kizuizi njia ya Mikumi na kingine njia ya Kilosa. Marufuku kuuza chakula kilichopikwa, marufuku pombe, marufuku kukusanyika. Pale Mikumi, ambapo madereva wa malori ya Zambia walikuwa wakisimama kunywa chai na kula wali, mama ntilie walizimishwa majiko siku moja na kuambiwa waende nyumbani. Malori yakawa yanapita vioo vimefungwa, mwendo wa kukimbia nzi. Watalii waliokuwa wakija kutazama twiga wakatazama kwao. Duka la kijiji lilibandikwa ukutani picha nzuri ya mikono miwili imejaa povu, na chini yake kwenye rafu hapakuwa na kipande cha sabuni. Tulinawa kwa majivu huku tukiitazama ile picha.

Aliyeibandika ni Mwenyekiti wetu. Huyu alikuwa mtoto wa pale pale, Msagara kama sisi, kachezea matope yale yale. Kisha akapelekwa kozi. Sijui walimlisha nini huko. Alikwenda mtu, akarudi amekakamaa, kalamu zimejipanga mfukoni, na hata ukimwambia shikamoo alikutazama kwanza kana kwamba anakagua kama umeitoa kwa utaratibu, ndipo akupe marahaba yake. Kucheka hakujua. Mungu alipogawa kicheko, yeye alikuwa mkutanoni. Na neno lake kubwa lilikuwa Soko la Dunia.

"Ndugu wananchi, Soko la Dunia linatutazama!" alisema kila mkutano. Kwa jinsi alivyolitamka, mimi nilidhani ni mzee mmoja mnene sana, kaketi mahali, darubini mkononi.

"Likitutazama si litutupie sabuni basi," mama akamjibu siku moja. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akaandika kitu.

Serikali ikatuletea Bwana Afya. Alikuja na pikipiki na begi la dawa, kijana mrefu, Mnyamwezi kutoka upande wa Tabora. Na hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya watoto wa mjini. Wanyamwezi na sisi ni watani, tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo ya pembe vichwani wakienda pwani. Mtani atakutukana nawe ucheke. Atachukua kofia yako usiidai mpaka uikomboe. Na ukifa, yeye ndiye atakayekuja msibani kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke huku wanalia, na ndiye atakayeshika jembe la kaburi. Neno la mtani halina hasira, wala halina amri ndani yake. Mtoto anayenyonya kwetu anajua hivyo.

Siku ya kwanza tu mama alimsimamisha njiani. "We mpagazi! Mzigo wako umeutupa wapi?"

Yule kijana akazima pikipiki, akamtazama juu mpaka chini. "Nimekuja kumtafuta mtumwa wangu aliyetoroka," akasema. "Kumbe amezeekea hapa!"

Basi, kofia ikawa imekwenda. Mama aliivaa mwenyewe akaondoka nayo, na yule bwana akamfuata akibembeleza mpaka akatoa begini kipande chake cha sabuni cha kuogea kuikomboa. Hicho ndicho kipande pekee cha sabuni kilichoingia kijijini kwetu msimu ule, na hakikupitia duka la kijiji.

Yule mtu alifanya kazi. Wataalamu waliomtangulia walikuja wakatufokea, tukawaitikia ndiyo bwana, wakageuka na sisi tukageuka. Yeye alishika jembe akachimba choo huku anatutukana, na aibu ikatushika, tukachimba. Akasema chemsheni maji, nyinyi mliozoea kunywa na vyura, tukacheka tukachemsha. Kila nyumba ilimpa kigoda. Nadhani aliokoa watu wengi pale, ingawa hakuna aliyemwekea picha ukutani.

Kisha likaja agizo kwamba kila zao linalovuka kizuizi liwe na cheti cha afya, kwa kuwa huko nje wanunuzi wameingia hofu na kila kitu kinachotoka kwetu. Mkutano ukaitwa, watu wakakaa mbalimbali kama walivyoagizwa. Bwana Afya akaeleza mambo ya maji na misiba. Alipomaliza, mama akasimama.

"Mtani, na sufi yetu je? Lori la shirika linakuja karibuni Mikumi."

"Sufi ya Wasagara!" akasema yule bwana, akaziba pua. "Hiyo kaichemsheni kwanza, tena kwa magadi. Na nyinyi wenyewe mwingie humo humo mtungini, muive pamoja nayo. Ndipo nitawapa cheti!"

Lo! Tulicheka siku ile. Tulikuwa tumezika watu, tulikuwa na njaa ya kucheka. Mama alicheka mpaka akashika bega lake. Bwana Afya akapanda pikipiki akaenda Masanze, kulikokuwa na wagonjwa wengi, akasema atarudi na cheti kabla ya lori kufika.

Asubuhi yake Mwenyekiti akagonga kile kipande cha reli kilichoning'inia ofisini. Tukaja. Akatoa kikaratasi chake, akakohoa.

"Agizo la Bwana Afya limeeleweka," akasema. "Sufi yote ichemshwe kwa magadi."

Tukacheka tena. Wallahi mimi nilimwonea hata fahari, nikasema moyoni, kumbe na huyu ameanza kuwa mtu. Kisha nikaona mgambo wanaviringisha mapipa ya lami yaliyoachwa na watu wa barabara, na wengine wana kuni. Kicheko kikatukauka.

Mama akamwendea taratibu. "Ndugu Mwenyekiti, yule bwana alikuwa anatutania. Wewe ni Msagara, unajua. Ni mtani wetu."

"Serikali haina mtani, mama."

"Mwanangu, alisema na sisi tuingie mtungini. Utatuchemsha na sisi?"

Mwenyekiti akafikiri. Naapa alifikiri. Akatazama kile kikaratasi, akatazama mapipa, akasema, "Sehemu hiyo ya pili ina maana ya kuoga."

Nimeishi miaka mingi na nimekutana na wajinga wa kila aina. Kuna mjinga anayekuchekesha na kuna mjinga anayekutia huruma. Huyu hakuwa katika hao. Alikuwa mjinga mwenye mgambo.

Aliongeza kwamba mambo ya utani ni ukabila, na taifa limekwisha kuuacha ukabila, na mtu atakayezuia usafi wa zao la nje anahujumu Soko la Dunia na atapelekwa wilayani. Wala si hilo tu lililotushinda. Wapo wanawake wenzetu, tena wenye akili, waliosema huenda ni kweli. Gonjwa hili si la kawaida, wakasema, huenda Wazungu wanaitaka hivyo siku hizi. Hilo lilinichoma kuliko mgambo. Mtu anaifahamu sufi tangu utoto, lakini akitajiwa Ulaya anayasahau mambo anayoyafahamu.

Tukachemsha. Kama hujawahi kuichemsha sufi, na sidhani kama umewahi, basi jua kwamba haitaki. Inaelea. Ukiitumbukiza inarudi juu, kavu, inakutazama. Mwenyekiti akaamuru tuishindilie kwa michi. Wanawake wakaenda nyumbani wakaleta michi yao, wakasimama kuyazunguka mapipa, moshi machoni, wakaikandamiza chini mpaka magadi yakaimaliza nguvu na ikakubali maji. Mama naye alikuwepo na mchi wake, ule ule uliomlemaza bega, pindo la khanga mdomoni. Mwenyekiti alipita pipa hadi pipa akichungulia, na mara moja akatutia moyo: "Vizuri, vizuri, weupe unaonekana."

Tukaianika kwenye mikeka na kwenye nyua za nyumba. Sufi ambayo jana yake ukipumua tu inakukimbia, sasa hata upepo haukuitaka. Ikakauka juu, ndani mbichi, ikawa mabonge. Kisha ikaingia ukungu na kunuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Na kuoga tulioga pia, kwa zamu, Mwenyekiti akiweka alama kwenye kikaratasi.

Bwana Afya akarudi. Alizima pikipiki kwenye ua wetu, akaona yale mabonge, akaanza kucheka, na mdomo ukabaki wazi.

"Mtani, hii nini?"

"Sufi yako," mama akasema. "Uliagiza ichemshwe, imechemshwa. Na kuoga tumeoga."

"Mimi nilikuwa natania!"

"Hata kuku alijua."

Yule bwana akaketi chini, mchangani, na sare yake. Baadaye tukasikia sauti yake ofisini kwa Mwenyekiti, anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alikuwa anasema agizo lilitolewa hadharani, na mashahidi wapo.

Cheti alituandikia. Siku ya lori alikwenda nasi mpaka Mikumi. Kijiji kilituazima trekta, na pale kwenye ghala wapagazi walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya gonjwa, kwa hiyo yeye mwenyewe akapandisha gunia kichwani. Mama hakuweza kuvumilia.

"Eeh! Sasa umerudia kazi ya ukoo."

Lakini sauti yake haikuwa na utamu wa kila siku.

Mnunuzi wa shirika alikuwa bwana mmoja mchovu, anayenusa kitambaa chenye dawa. Watu wa Zombo na wa Masanze walikuwa wametangulia na sufi yao kavu, nyepesi, ambayo hakuna aliyeichemsha. Akaipokea. Alipofungua gunia letu, akatia mkono, akatoa bonge, akalivunja, akalinusa na kulitupa.

"Hii siwezi," akasema.

Bwana Afya akajieleza. Akasema kosa ni lake, si la akina mama. Akasema gonjwa haliishi ndani ya sufi, iwe imechemshwa au haikuchemshwa, yeye ndiye mwenye elimu hiyo, na cheti hiki hapa. Mnunuzi akamsikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Ndugu yangu, huko nje wanatafuta sababu tu," akasema. "Meli zetu zinawekwa nje ya bandari zao, mzigo unapekuliwa. Wakikuta gunia moja lina ukungu wanarudisha wote. Tena wanayo sponji siku hizi, hawatuhitaji. Hili ndilo lori la mwisho la sufi, hata mwakani sitakuja."

Basi Soko la Dunia nikaliona siku ile, na darubini yake. Lilikuwa limekwisha jinunulia sponji zamani, likawa linangoja tu aibu ya kutuacha iishe. Gonjwa likalipa kisingizio. Waliogopa vidudu vyetu, wakati vidudu vyenyewe vilitujia kwa meli za biashara, na hakuna aliyezirudisha meli hizo. Nilikuwa msichana, sikuwa na maneno haya, lakini dharau niliipata pale pale, na sijaipunguza tangu siku hiyo.

Tukarudi na magunia yetu. Pembeni ya barabara vibanda vya chai vilikuwa vimefungwa kwa miti, na mbwa wamelala kwenye majivu ya majiko. Karibu na Zombo mama akasema, bila kumtazama mtu:

"Mpagazi, umebeba mzigo mpaka sokoni na kuurudisha. Babu zako hawakufika huko."

Bwana Afya akacheka. Kisha akajifuta uso wote kwa kiganja.

Yule Mhindi alimngoja mama kadiri alivyoweza, halafu mashine ikauzwa, ikapakiwa kwenye behewa ikaenda zake. Tuliambiwa tu.

Haukupita muda mrefu Bwana Afya naye akaugua. Alikuwa amehamia kwenye kambi ya wagonjwa iliyowekwa katika shule yetu, anainua watu, anafua, anawanywesha, na siku moja asubuhi akakutwa yeye ndiye aliyelala mkekani. Kipindupindu hakikawii. Jua lilipopinda alikuwa amekwisha.

Sasa tazama. Mtu huyu ndugu zake wako Tabora, na vizuizi viko njia nzima. Alikuwa Mkristo, na padri hakuruhusiwa kuvuka. Mwenyekiti akatangaza kwamba marehemu atazikwa na wahudumu wa afya peke yao, ng'ambo ya njia ya reli iliyopita kando ya kijiji, hakuna mkusanyiko, hakuna kilio, hakuna matanga. Tulikuwa tumezoea, maana wetu nao walizikwa vivyo hivyo. Lakini wetu walikuwa na mama zao wa kuwalilia nyumbani. Huyu hakuwa na mtu. Alikuwa na watani.

Mama akaingia ndani, akachana khanga yake moja. Akavuta gunia la sufi iliyochemshwa, akachambua mabonge kwa vidole, akaanza kushona.

"Mama, unafanya nini?" nikamwuliza.

"Namshonea mto mtumwa wangu."

Shangazi yangu alidhani amerukwa na akili. Mimi nilimfuata.

Wahudumu walikuwa kando ya shimo na mabuti yao, na ndoo za dawa. Yeye alikuwa amekwisha teremshwa, amezungushiwa shuka na turubai. Mwenyekiti alisimama mbali sana, upande upepo ulikotoka, kitambaa puani.

"Mama, mkusanyiko hauruhusiwi!" akaita.

"Mimi ni mmoja," mama akajibu. "Huyu ni mwanangu, amenisindikiza."

Akasimama pale alipoonyeshwa na wahudumu, hatua moja hakuongeza. Akavuta pumzi, na sauti yake ikatoka kali, ile ya siku ya kwanza njiani.

"We mpagazi! Mvivu mkubwa! Babu zako wamebeba mizigo ya watu wote duniani, na wewe leo unalala, unataka nani akubebe? Tumekataa! Wasagara tumekataa, ndio maana umebebwa na watu wa mabuti!"

Mhudumu mmoja, mzee, akaelewa. Nadhani naye kwao wana watani. Akaunyoshea mkono ule mto, lakini sheria ni sheria, akautia kwanza kwenye ndoo ya dawa. Nilingoja uelee. Sufi ile iliyopigana nasi siku nzima isizame, mpaka ikatutoa jasho, sasa ilizama yenyewe mpaka chini ya ndoo, na mzee akaitoa inachuruzika.

"Usijali," mama akamwambia. "Imezoea."

Yule mzee akacheka nyuma ya kitambaa chake, mabega yakamtikisika, akauteremsha ule mto kwa bapa la koleo mpaka ukakaa kando ya kichwa.

"Haya, lala," mama akasema. "Umeuagiza mwenyewe. Na usidhani mashine yangu nimeisahau. Nitakuja kuidai huko huko uliko!"

Na kutoka kule mbali, kwenye hewa safi, ikaja sauti ya Mwenyekiti, imenyooka, haina hata chembe ya kitu ndani yake:

"Mama! Marehemu hadaiwi! Kama una madai yalete ofisini!"

Wahudumu wakaacha kufukia. Mama akageuka akamtazama yule mtu muda mrefu. Nilijua anatafuta neno la kumrudishia, na mama hakuwahi kukosa neno. Siku hiyo alikosa. Akafunika uso kwa kipande cha khanga kilichobaki, ndipo akalia, kwa sauti, kilio chenyewe kilichokatazwa.

Mwenyekiti alipanda cheo. Alikwenda wilayani, na niliambiwa na watu waliomsikia kwamba katika hotuba zake alikuwa akikitaja kijiji chetu kama mfano wa wananchi waliotekeleza agizo la afya mpaka kwenye zao la biashara. Alikufa mzee, kitandani, na msiba wake ulijaa magari. Sikwenda.

Mama alitwanga mpaka uzeeni. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini kwetu hatimaye, ya mtu binafsi, yeye alikuwa hawezi tena kutafuna ugali. Lakini kabla ya hapo, miaka yote ile, kila asubuhi nilimwona akiweka mahindi kinuni, akifunga khanga kiunoni, akitazama upande wa reli, kwenye lile kaburi.

"Haya mpagazi," alisema, "shika na wewe upande huo."

Kisha aliuma pindo la khanga, akainua mchi.